Hazina ya Wote: Mwongozo wa Mlaji Mwenye Adabu

Mwizi wa kizamani alihitaji nyundo, giza na mbwa mwenye usingizi mzito. Wewe, ndugu yangu, huhitaji hata kimoja. Nunua bando la wiki, chaji laptopu, jifunze kuvumilia vikao virefu, kisha ingia kwa mlango wa mbele huku ukisalimia.

Kwanza ujue chakula kilipo. Chukua Cardano, mtandao wa blokucheni uliofunguliwa 2017, ambao sarafu yake huitwa ADA. Kila baada ya siku tano mtandao huwalipa wanaouendesha, lakini kabla ya kuwalipa humega asilimia 20 ya fungu na kuitia katika hazina ya pamoja. Mwanzoni mwa 2025 hazina hiyo ilikuwa na ADA zaidi ya bilioni moja na nusu. Funguo zake hazipo kwa mwasisi, Charles Hoskinson, hazipo kwa kampuni yake, wala hazipo kwa wakfu wa Cardano ulioko Uswisi. Hakuna waziri wa fedha, hakuna mhasibu mkuu. Kuna katiba, kuna kura, na kuna wapiga kura wengi wenye shughuli nyingine.

Cardano si peke yake kati ya mitandao hii. Polkadot wana hazina yao, Arbitrum wana yao, Compound vilevile. Wajenzi wa hazina hizi walitumia hisabati nzito kuhakikisha kwamba hakuna sarafu itakayotoka bila kura. Wakasahau kuuliza ni nani atakuwa macho siku ya kura. Karibu ulaji wote nitakaokuelekeza hapa ulipita kwenye kura halali, iliyohesabiwa sawasawa, kwenye daftari ambalo dunia nzima inaweza kulisoma. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni adabu za mezani.

Andiko

Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wenzetu wa Berlin hawana: tumekulia katika miradi. Tunajua mfadhili anachotaka kusikia kabla hajakaa. Huyu mfadhili mpya anajisifu kwamba hana ofisi wala gari jeupe lenye antena, lakini masikio yake ni yale yale.

Tangu 2020 Cardano ina mfuko wa ruzuku unaoitwa Project Catalyst. Unakwenda kwa duru: watu wanaleta maandiko, jumuiya inayatathmini, kisha wenye ADA wanapiga kura. Mwaka 2021 kulikuwa hata na fungu ambalo jina lake, kwa Kiswahili, lingekuwa Kuza Afrika, Kuza Cardano. Ukiona fungu la namna hiyo usianze kufikiri upya. Fungua kompyuta yako, tafuta lile andiko la zamani la ufugaji nyuki lililokataliwa na shirika fulani. Palipoandikwa nyuki, andika blokucheni. Palipoandikwa mizinga, andika nodi. Asali iache kama ilivyo. Asali haijawahi kumuudhi mfadhili.

Katika duru hizo za mwanzo, wanajumuiya waliopitia maandiko walilipwa kwa kila tathmini waliyoandika, na maandiko yalikuwa mamia. Alama zilitolewa kwa mambo matatu: athari ya mradi, uwezekano wa kutekelezeka, na urahisi wa kuukagua. Piga hesabu mwenyewe ni dakika ngapi mtu huyo atakupa kabla ya kuhamia kwa mwenzako. Basi msaidie. Mwandikie tathmini yake ndani ya andiko lako, sentensi tatu, moja kwa kila alama, apate kuzinakili bila kuumia: "Mradi huu utawawezesha vijana na wanawake wa Afrika Mashariki." Ni nani mwenye moyo wa kuwapinga vijana? Na akiwapinga vijana, atawezaje kuwapinga wanawake?

Siku hizi wamekuwa wakali kidogo. Ruzuku hailipwi yote kwa mkupuo. Inalipwa kwa hatua, na kila hatua inataka ushahidi. Usiogope. Siri ni kuchagua hatua ambazo haziwezi kushindikana. Hatua ya kwanza: kufungua kundi la Telegram. Ushahidi: picha ya kundi. Hatua ya pili: kufanya utafiti wa mahitaji. Ushahidi: utafiti. Hatua ya tatu: warsha ya kuwajengea wadau uwezo, yenye picha ya washiriki wamesimama mstari wa nyuma na wengine wamechuchumaa mbele, wote wamevaa fulana za mradi. Fulana ni lazima; warsha isiyo na fulana haikufanyika. Programu yenyewe, ile inayopaswa kuwepo mwisho wa mradi, iweke hatua ya tano, na uiite "toleo la majaribio". Majaribio hayashindwi, hutoa mafunzo.

Kuhusu bajeti, neno la kulipenda ni uratibu. Msimamizi wa jumuiya, mratibu wa wasimamizi wa jumuiya, mshauri wa mratibu. Mwandishi wa programu awe mmoja, wa mkataba wa muda, ili mambo yakichelewa ijulikane ni nani wa kulaumiwa. Bei ya sarafu ikipanda baada ya kulipwa, nyamaza. Ikishuka, andika barua ya huzuni kuhusu hali ya soko na uombe nyongeza.

Niseme kwa haki: wapo walioomba kidogo, wakajenga walichoahidi, wakakimaliza kabla ya muda. Utawatambua kwa kuwa duru iliyofuata walikosa. Walikuwa na kazi; hawakupata nafasi ya kuhudhuria vikao.

Kura ni za nani

Utaambiwa kwamba jumuiya ndiyo inayoamua. Ni kweli, ila uliza jumuiya inahesabiwaje. Katika hazina nyingi kinachopiga kura ni sarafu, yaani tokeni, na binadamu ni mchukuzi wake tu. Mwenye tokeni milioni moja ana kura milioni moja; mwenye tokeni kumi ana kura kumi na haki ya kutoa hotuba. Kampuni ya Chainalysis ilipochunguza jumuiya kumi kubwa za aina hii mwaka 2022, ilikuta kwamba chini ya asilimia 1 ya wenye tokeni walishika asilimia 90 ya nguvu ya kura. Kwa hiyo usipoteze nguvu kumshawishi mtu mmoja mmoja. Tafuta nyangumi, kama wanavyoitwa huko, na ujue anapenda nini. Kama anapenda mpira, mradi wako wa elimu ya uzazi uwe na mpira ndani.

Akina mama wa kikoba wangecheka mpaka wakae chini. Kwenye kikoba mwenye duka la jumla na binti anayekaanga maandazi wana kura moja moja. Hisa zenyewe zina kikomo, mara nyingi tano kwa mkutano, ili asitokee mtu wa kuwanunua wenzake. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi ila mbele ya wote. Mfumo mzima hauna mstari hata mmoja wa programu. Usiutaje kwenye vikao vya wataalamu wa ugatuzi wa kidijitali, watakuonea huruma.

Kama huna tokeni za kutosha, tumia za wenzako. Mapema 2020 mfanyabiashara Justin Sun alinunua kampuni iliyoanzisha mtandao wa Steem, kisha akagombana na wasimamizi waliochaguliwa na jumuiya. Mwezi Machi masoko makubwa ya sarafu, Binance, Huobi na Poloniex, yalipiga kura upande wake kwa sarafu ambazo wateja walikuwa wamezihifadhi humo. Wasimamizi wakaondolewa. Mteja aliyelala akiwa mwekaji akiba aliamka akiwa mpiga kura. Binance na Huobi baadaye ziliondoa kura zao, lakini wanajumuiya wengi hawakusubiri: mwezi huohuo walihama na nakala ya daftari na kuanzisha mtandao mwingine, Hive.

Wapo walioona kasoro hii ya pesa kuwa kura wakatafuta dawa. Mwaka 2018 Vitalik Buterin wa Ethereum pamoja na Zoë Hitzig na Glen Weyl walipendekeza hesabu ya kugawa ruzuku inayompendelea mradi wenye wafuasi wengi kuliko mradi wenye tajiri mmoja, na jukwaa la ruzuku la Gitcoin likaanza kuitumia. Hesabu yenyewe ni tamu. Chukua kipeuo cha pili cha kila mchango, yaani mzizi wake, jumlisha mizizi yote, kisha uzidishe jumla hiyo kwa yenyewe. Tajiri mmoja akitoa dola 100, mzizi wake ni 10, na 10 mara 10 ni 100: hakuna nyongeza. Watu 100 wakitoa dola moja moja, jumla ya mizizi ni 100, na 100 mara 100 ni 10,000. Pengo hilo linajazwa kutoka kwenye mfuko, kadiri mfuko unavyoweza. Demokrasia safi kabisa, nami nawavulia kofia.

Kwa mlaji mwenye adabu, somo ni moja: kuwa watu mia. Pochi mpya ya kidijitali haiombi kitambulisho cha taifa, haichukui alama za vidole, haimuulizi mjumbe wa nyumba kumi kama anakufahamu. Gitcoin iliwabidi waanzishe pasipoti ya kuthibitisha kwamba wewe ni mtu mmoja. Yaani baada ya kutoroka serikali, mipaka na makaratasi, walitembea wakazunguka wakafika dirisha la uhamiaji.

Siku ya kupeleka

Hapa ndipo penye utamu, na ningeomba usome taratibu.

Julai 2024 kundi lililojiita Golden Boys lilipeleka pendekezo namba 289 kwa jumuiya ya Compound, mtandao wa kukopesha na kukopa sarafu. Waliomba tokeni 499,000 za COMP, thamani yake wakati huo ilikuwa kama dola milioni 24, ziingizwe katika chombo cha uwekezaji kilichoundwa na kundi hilohilo. Walikuwa wameshakataliwa hapo awali. Hawakununa, walirudi. Kura ilifungwa tarehe 28 Julai: ndiyo 682,191, hapana 633,636. Wapinzani walipiga kelele kwamba huu ni uvamizi, lakini hakuna kufuli iliyovunjwa. Watu waliomba, watu wakapiga kura, hesabu ikajumlishwa. Siku chache baadaye pande mbili zilipatana na fedha hazikwenda, kwa ahadi ya kutafuta njia ya kuwagawia wenye tokeni sehemu ya mapato. Tazama kalenda ya mwaka huo: tarehe 28 ilikuwa Jumapili.

Aliyeivamia serikali ya Tornado Cash, huduma ya kuchanganya sarafu ili zisifuatiliwe, na nitamrudia, alifanya hivyo tarehe 20 Mei 2023. Jumamosi.

Beanstalk ndiyo darasa lenyewe. Huu ulikuwa mfumo wa sarafu uliojengwa juu ya Ethereum, na kanuni zake zilikuwa na kifungu cha dharura: pendekezo likiungwa mkono na theluthi mbili ya nguvu ya kura, na likiwa limekaa siku moja tangu lipelekwe, linatekelezwa papo hapo. Mtu mmoja akapeleka mapendekezo mawili. La kwanza lilihamisha mali ya Beanstalk kwenda kwake. La pili liliichangia Ukraine dola 250,000. Akasubiri siku moja, kwa uvumilivu wa kupigiwa mfano. Kisha katika muamala mmoja akakopa karibu dola bilioni moja kwa mkopo wa papo kwa papo, ule ambao huchukuliwa na kurudishwa ndani ya muamala huohuo bila dhamana yoyote, akanunua nguvu ya kura kupita theluthi mbili, akapiga kura, akachukua mali, akalipa deni, akaondoka na zaidi ya dola milioni 70. Hasara ya mfumo ilihesabiwa kuwa kama dola milioni 182. Demokrasia yote hiyo, kuanzia kampeni hadi kuapishwa, ilichukua sekunde. Ilikuwa tarehe 17 Aprili 2022, Jumapili ya Pasaka, wapiga kura wakiwa kanisani au mezani.

Na tafadhali usiipite ile dola 250,000 ya Ukraine kama mapambo. Hapa kwetu mtu akiiba ng'ombe humkumbuka chifu kwa paja. Huyu aliikumbuka vita iliyokuwa kwenye vichwa vyote vya habari. Pendekezo lenye sura ya sadaka halifunguliwi na mtu kwa shaka.

Msomaji hayupo

Kila mara utasikia kwamba usalama wa mifumo hii uko kwenye uwazi. Msimbo wa kompyuta uko hadharani. Yeyote anaweza kuusoma. Hilo ni kweli kwa namna ileile ambayo yeyote anaweza kusoma Gazeti la Serikali.

Yule wa Tornado Cash alipeleka pendekezo akieleza kwamba linafuata mantiki ileile ya pendekezo la awali ambalo lilikwishapita. Wapiga kura wakaridhika: kama lile lilikuwa salama, na hili ni kama lile, basi. Ndani yake kulikuwa na kipande cha ziada kilichomruhusu kulifuta na kuliandika upya baada ya kupita. Akajipa kura 1,200,000, wakati kura za watu wote wengine zilikuwa kama 700,000. Serikali nzima ikawa yake. Halafu, jambo ambalo bado linanishangaza, akapeleka pendekezo la kurudisha madaraka kwa jumuiya. Likapita. Kwa nini lisipite? Kura zilikuwa zake.

Kwa mtandao wa Juno hakukuwa na mvamizi hata mmoja, na ndiyo maana nawapenda zaidi. Mwaka 2022 jumuiya hiyo iliamua, kwa kura, kumnyang'anya mwekezaji mmoja wa Japani tokeni zake, ikimtuhumu kwamba alipokea mgawo wa bure kupitia pochi nyingi kuliko haki. Jambo zito: mara ya kwanza kwa mtandao mkubwa kumtaifisha mtu kwa kura ya wazi. Watu walijadiliana kwa wiki. Maadili yalitajwa, falsafa ikatajwa, katiba isiyokuwepo ikatajwa. Hatimaye mwezi Mei amri ikatekelezwa, na tokeni karibu milioni tatu, zenye thamani ya kama dola milioni 36, zikahamishwa kwenda mahali ambapo hakuna mtu yeyote mwenye ufunguo. Badala ya namba ya pochi, mwandishi wa programu alinakili namba ya muamala iliyokuwa kando yake. Waendesha mitambo zaidi ya mia walikuwa na nafasi ya kuisoma namba hiyo kabla ya kuitekeleza. Ikabidi ipangwe kura nyingine.

Unaweza kwenda mbele zaidi ukaondoa hata haja ya msomaji: kula kwanza, peleka pendekezo baadaye. Machi 2023 Arbitrum waligawa tokeni zao za ARB, na siku chache baadaye wakfu wao ukaleta pendekezo la kwanza kabisa, likiwa na ombi la kuupa wakfu ARB milioni 750, karibu dola bilioni moja kwa bei ya siku zile. Jumuiya ilipoanza kulikataa, ilibainika kwamba tokeni kama milioni 50 zilikuwa zimekwisha kutengwa: milioni 40 zimekopeshwa, milioni 10 zimegeuzwa fedha taslimu. Maelezo ya wakfu yalikuwa kwamba ile haikuwa kura ya kuamua. Ilikuwa kura ya kuthibitisha yaliyokwisha kuamuliwa. Naomba msomaji aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa ushirika wa kahawa asimame apige makofi. Baadaye wakfu ulilivunja pendekezo vipande vipande na kuanza upya kwa unyenyekevu.

Mtu mmoja aliyeivamia Mango Markets, soko la sarafu, Oktoba 2022, hakuwa na subira ya adabu. Alichota zaidi ya dola milioni 100 kwanza, kwa kuipandisha bei ya tokeni na kukopea thamani hiyo, kisha akaleta pendekezo la maridhiano na kulipigia kura ya ndiyo kwa tokeni alizozichota. Mwishowe jumuiya ikapitisha makubaliano yaliyomwachia dola milioni 47. Kesi yake ilizunguka mahakama za Marekani kwa miaka: baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani 2024, jaji akaifuta hukumu 2025. Mwongozo huu haupendekezi njia hiyo. Mawakili wanakula kuliko wewe.

Kuingia katika uwakilishi

Mwombaji hupata mara moja. Mwakilishi huwa karibu na chungu muda wote. Kwa hiyo ukipata ruzuku yako ya kwanza, anza kuwaza siasa.

Cardano ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu walikuja kuandikia katiba kwetu. Mwaka 2024 walifanya warsha katika nchi zipatazo 50, kisha Desemba wajumbe wakakutana Buenos Aires na, siku hizohizo, Nairobi. Mji uliokwisha kuona wajumbe wa Bomas wakibishana mwaka mzima hauwezi kushtushwa na katiba ya siku tatu. Watanzania nao wanakumbuka Dodoma 2014, Bunge Maalumu lilivyoanza kwa kujadili kama posho ya shilingi 300,000 kwa siku inatosha, na Katiba Inayopendekezwa mpaka leo haijapigiwa kura. Ya Cardano ilipigiwa, ikaanza kazi Februari 2025. Kwa hiyo kama unatafuta katiba mpya iliyopitia Nairobi na ikafika mwisho bila maandamano, ipo, ila inahusu sarafu.

Kuwa mwakilishi ni rahisi: unaweka dhamana ya ADA 500 utakayorudishiwa, unaandika wasifu wako, unasubiri watu wakukabidhi nguvu zao za kura. Andika wasifu unaopenda kila kitu: uwazi, ubunifu, uwajibikaji, nidhamu ya matumizi, na matumizi. Kupeleka ombi lako moja kwa moja kwenye hazina ni ghali zaidi, kwa maana dhamana ni ADA 100,000. Inarudi, lakini lazima uwe nayo. Kama huna, tafuta mwenye nayo na umkumbuke kwenye fungu la uratibu. Usidhani kuna mkubwa anayeona haya kuomba: Agosti 2025 kampuni ya mwasisi mwenyewe ilipewa na wawakilishi zaidi ya ADA milioni 96, kwa kazi ya kuendeleza mtandao alioubuni, zilipwe kwa hatua. Iliomba hadharani kama wewe, nayo ikapigiwa kura kama wewe, na hapo ulinganisho wenu unaishia.

Sasa sikiliza jambo la kitaalamu, maana lina faida. Tangu Januari 2025 mwenye ADA aliyezikabidhi kwa waendeshaji ili zimletee malipo hawezi kuyatoa malipo hayo mpaka awe amechagua mwakilishi. Wabunifu walitaka kuamsha ari ya uraia. Lakini sheria ilimwachia mwananchi chaguo la kujiepusha daima, na kwa anayetaka tu faida yake hicho ni kibonyezo kimoja. Kujiepusha Daima ni mwakilishi ninayemheshimu kuliko wote. Hasafiri, hadai posho, hajawahi kubadili msimamo. Na sarafu zilizo chini yake hutolewa kwenye hesabu, kwa hiyo ile asilimia 67 ya wawakilishi inayotakiwa kupitisha matumizi ya hazina inatafutwa miongoni mwa waliobaki. Kamati ya katiba nayo lazima ikubali, lakini kamati inaangalia kama umevunja katiba, na wewe mlaji mwenye adabu hujavunja hata sahani. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayelalamika kwamba siasa za mtandaoni zimemchosha, mwonee huruma kwa dhati na umshauri apumzike.

Ripoti

Wengi huanguka hapa kwa kuficha. Usifiche kitu. Toa kila kitu, kirefu, kwa majedwali. Katika nusu ya kwanza ya 2024 hazina ya Polkadot ilitumia dola milioni 87, na milioni 37 kati ya hizo zilikwenda kwenye matangazo na uenezi. Kwa mwendo huo iliyobaki ilikadiriwa kutosha kama miaka miwili. Tunayajua hayo kwa sababu jumuiya yenyewe iliyaandika na kuyachapisha. Watu walikasirika kwa muda, kisha wakajadili namna bora ya kukasirika, na duru ya maombi iliyofuata ikaendelea kama kawaida.

Ripoti yako iwe na sehemu ya changamoto. Changamoto ya kwanza ni uelewa mdogo wa jamii kuhusu blokucheni. Changamoto ya pili ni intaneti. Changamoto ya tatu ni muda uliotolewa. Mapendekezo: muda uongezwe. Usiandike popote kwamba programu haikukamilika. Andika kwamba imehamishiwa awamu ya pili.

Kisha, kabla hawajapoa, rudi na andiko jipya. Sasa wewe si mgeni. Una rekodi kwenye daftari lisilofutika, na hakuna atakayefungua kiungo kuona rekodi hiyo inasema nini. Tafuta fungu la ukaguzi wa miradi, maana karibu kila jumuiya hufika mahali ikajiuliza ruzuku zake zilikwenda wapi. Kichwa cha andiko: Tathmini Shirikishi ya Ufanisi wa Ruzuku kwa Vijana na Wanawake wa Afrika Mashariki. Miradi ya kutathmini: wa kwako uwe miongoni mwao, kwa ajili ya uzoefu. Bajeti: ileile, pamoja na mratibu mmoja wa ziada. Ipeleke Ijumaa jioni.